Midomo yanivimba, ami anitaka harusini, mwalimu wa bendi ataka nianze upya

Asalam aleikum mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 16, niko kidato cha tatu, nakaa Lamu upande wa Langoni, jina naomba usiliweke manake mui huu ni mdogo na nkisema kidogo tu watu washajua ni nani. Nimekuwa nasoma barua za wenzangu hapa nikaona na mimi niandike, manake hili jambo nimelizungusha kichwani mpaka usiku usingizi hauji.

Iko hivi. Mimi napuliza tarumbeta. Alonianzisha ni ami yangu, ana kikundi cha beni wanapiga harusini, na tangu baba afariki ami ndo amekuwa akituangalia mimi na mama na wadogo zangu. Hata hiyo tarumbeta ni yake si yangu, mimi nimepewa niitumie. Msimu wa harusi ukiingia tunatoka karibu kila wikendi, twapita vichochoroni na bwana harusi, watu wanaimba, ngoma ziko nyuma, na tarumbeta ndo inayoongoza kwa hivyo mimi sina kupumzika, nkinyamaza ami ananigeukia. Tunaanza alasiri saa zingine tunamaliza usiku mwingi. Pesa nkipata nampa mama, nyingine inaingia kwenye karo.

Sasa shuleni kwetu kuna mwalimu wa muziki mgeni, yeye anapenda jazi sana. Alinisikia napuliza akaniambia nina sikio zuri, akaanza kunipa nyimbo kwenye simu nisikize, Louis Armstrong, Miles Davis, Clifford Brown. Mwalimu wallahi siku niliyomsikia huyo Clifford Brown nilirudia ule wimbo mmoja mpaka simu ikazima chaji. Sikujua tarumbeta yaweza kuongea hivyo, haraka lakini kila noti waisikia imekaa mahali pake. Kutoka siku hiyo nataka kupiga jazi, sitaki kitu kingine.

Shida ni mdomo. Nkimaliza harusi mdomo wa juu umevimba, una alama ya duara ya mauthipisi, kile kikombe cha chuma cha kuwekea mdomo, na siku inayofuata naona kama umekufa ganzi. Zamani noti za juu nilikuwa nazipata, sahii yatoka hewa tu, fyuu, kwa hivyo nakandamiza zaidi ndo itoke. Halafu nikaona labda ni uvivu nikaongeza mazoezi, narudi nyumbani baada ya isha napanda darini napuliza masaa matatu mfululizo, mpaka jirani ana mtoto mchanga akaja kumlalamikia mama.

Ami anasema huko ndo kukomaa, yeye pia alivimba akiwa kijana, nijikaze. Mwalimu wa shule naye anasema mkao wangu wa midomo umeharibika, nakandamiza sana na mashavu yangu yanajaa upepo, anataka niache harusi kabisa miezi kadhaa nianze upya kama mtu ambaye hajawahi kushika tarumbeta, noti moja moja ndefu, polepole. Nilimuonyesha video ya Dizzy Gillespie mashavu yamejaa kama puto nikamwambia mbona huyu, akasema huyo mwache. Nimejaribu hizo noti ndefu, sauti yatetemeka kama ya mtoto wa darasa la nne, naona haya.

Ami nkimwambia naacha harusi najua atasema nimesoma nikaona beni ni ya watu wa chini. Anaweza kuchukua tarumbeta yake na ana haki. Mama anasema msikize ami yako, lakini jioni ndo huyo huyo ananiletea vaselini nipake. Na sahii ndo harusi nyingi, kabla ya Ramadhani, manake mwezi ukiingia tarumbeta inafungwa kabatini.

Nfanyeje mwalimu? Nkiacha harusi namvunja ami na pesa inakosekana, nkiendelea naogopa mdomo utakwisha na jazi sitaipata. Na hata kama ntaendelea kufanya mazoezi, niyafanye vipi? Nijibu tafadhali.

Kijana wa Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma polepole halafu nikairudia. Nimefundisha watoto wa bendi huku pwani muda mrefu, mimi mwenyewe chombo changu ni tromboni, kwa hivyo hiyo alama ya duara kwenye mdomo naijua vizuri. Na nimeona pia kwamba kwenye barua yote hujasema hata neno moja baya juu ya ami wala juu ya mwalimu wako wa shule. Unawapenda wote wawili, ndo maana limekuwa zito.

Wewe umeliandika kama jambo moja, kwamba ni beni au jazi. Mimi naona ni mambo matatu yamefungwa pamoja: kuna mdomo unaouma, kuna ami na heshima yake, na kuna pesa ya nyumbani. Tuyafungue, manake yakibaki fundo moja utaona njia ni mbili tu na zote mbaya.

Nianze na mdomo kwa sababu huo hausubiri. Ule mdomo wa juu ndani yake mna msuli unaozunguka kinywa chote, na sauti ya tarumbeta yote yatoka hapo, midomo inatikisika ndani ya ile mauthipisi na bomba linaikuza. Noti ya juu inataka midomo itikisike haraka, na hiyo yaja kwa pumzi inayotoka kwa kasi kutoka tumboni na pembe za mdomo zilizokaza vizuri. Ukikandamiza chuma kwenye mdomo noti yaweza kutoka kweli, mara ya kwanza na ya pili, lakini unauziba mdomo, damu haipiti vizuri, unavimba, ukivimba hautikisiki, usipotikisika yatoka hiyo fyuu yako, na wewe unakandamiza zaidi. Umeuona huo mzunguko? Umeuandika wewe mwenyewe kwenye barua, tena sawasawa kabisa. Kwa hivyo ile noti ya juu iliyopotea sidhani imepotea kwa uvivu. Mtu mvivu hakai darini masaa matatu.

Na hili nakwambia si kukutisha. Huyo Louis Armstrong uliyepewa umsikize alikuwa na nguvu ambayo wapulizaji wa zama zake waliistaajabia, na alikandamiza sana, usiku baada ya usiku, noti za juu juu. Mdomo ukamuumia vibaya, na mwaka 1934 mpaka 1935 akalazimika kuiweka tarumbeta chini kwa miezi. Madaktari leo wana jeraha la kuchanika ule msuli wa mdomo ambalo wameliita kwa jina lake la utani, Satchmo. Alirudi, akapiga miaka mingi mingine mpaka alipofariki 1971, kwa hivyo mapumziko hayakummaliza. Lakini ona, alipumzika kwa sababu mwili ulimlazimisha, wewe bado una nafasi ya kupumzika kabla hujalazimishwa.

Ganzi ndo neno lililonisimamisha kwenye barua yako. Kuchoka ni sawa, kuvimba kidogo jioni ikaisha asubuhi hata mimi kumenipata. Ganzi ya siku ya pili ni habari nyingine. Weka tarumbeta chini siku chache, kabisa, usijaribu hata noti moja ya kuona kama kumepona. Ikiwa baada ya hapo bado kuna ganzi, au ukibonyeza wasikia kama uvimbe au shimo ndani ya mdomo, au hewa yavuja upande mmoja na huwezi kuizuia, nenda hospitali na useme wazi kwamba unapuliza tarumbeta, manake daktari asipojua atakupa dawa ya maumivu tu urudi nyumbani. Vaselini ya mama ni nzuri baada ya kupuliza. Kabla, hapana, mauthipisi itateleza na wewe utaikandamiza ili isiteleze.

Sasa ami. Ami amesema na yeye alivimba akiwa kijana na nina hakika ni kweli, lakini je umewahi kumuuliza wakati huo walikuwa tarumbeta ngapi? Vikundi vingi vya zamani wapulizaji walikuwa wawili watatu, mmoja akichoka mwenzake anashika, na waimbaji wakichukua ubeti mtu anapata pumzi. Wewe umesema huna kupumzika, ukinyamaza anakugeukia. Huenda kikundi kimepungua watu na yeye hana mwingine, huenda anakutegemea kuliko anavyosema. Sijui, mimi niko mbali. Lakini ukimuuliza hivyo, ami zamani mlikuwa mkipokezana vipi, utakuwa unamuuliza fundi juu ya ufundi wake, na mazungumzo yatakwenda kwingine kabisa kuliko ukianza na ami naacha.

Umeandika "najua atasema" nimeona beni ni ya watu wa chini. Umejuaje mwanangu? Ashasema? Au ni wewe ndani yako kuna mahali umeanza kuona hivyo tangu uonje jazi, na unaogopa ataliona? Sikulaumu, kijana akipata kitu kipya hung'aa kuliko cha nyumbani, lakini hapa nataka ukae na mimi kidogo kwa sababu nadhani hujaambiwa hili.

Jazi unayoipenda ilitoka barabarani. New Orleans mwisho wa karne ya 19 ilijaa bendi za shaba, tarumbeta, tromboni, ngoma, wanatembea mitaani kwenye sherehe na wanasindikiza maiti makaburini, na vyombo na mtindo wao vilitokana na bendi za kijeshi. Armstrong alizaliwa huko 1901, akajifunza kupuliza kwenye bendi ya nyumba ya watoto watukutu, akakulia kwenye yale maandamano. Sasa geuza uso huku kwetu. Wakati ule ule, mwisho wa karne hiyo hiyo ya 19, vijana wa pwani ya Kenya waliziona bendi za kijeshi za wakoloni, wakachukua tarumbeta na ngoma na hata sare na vyeo, wakatia mashairi yao ya Kiswahili ndani, ikawa beni. Mombasa vilikuwako vikundi viwili vya beni, Kingi na Skochi, wakishindana nani ana bendi bora na mavazi bora, na Lamu haikubaki nyuma. Kazi anayoifanya ami yako kichochoroni Langoni na kazi waliyoifanya wale wa New Orleans ni za umri mmoja na asili inayokaribiana sana. Na zaidi ya hapo, kabla hata ya beni, Lamu ilikuwa na siwa, yale mabaragumu makubwa ya heshima. Nenda makumbusho ukaitazame ile siwa ya shaba ya Lamu, na ile ya Pate ya pembe ya ndovu, zina umri wa karne kadhaa, zilipulizwa kwenye harusi za wakubwa na kutawazisha watawala, na zinapulizwa kwa midomo inayotikisika, vile vile unavyofanya wewe. Hukuazima kitu cha watu.

Kwa hivyo mwalimu wako akisema acha harusi, swali langu ni hili, anasema uache beni au anasema uupe mdomo nafuu? Ni mambo mawili. Pengine na yeye hajui hata kwamba ami ndo mlezi wako na pesa inaingia kwenye karo, pengine anadhani ni kijana anayependa sherehe. Umemwambia? Na hiyo "miezi kadhaa" ni mingapi, na atakuwa na wewe mara ngapi kwa wiki hiyo miezi? Kubadilisha mkao wa midomo ni kazi nzito, mtu hupita kipindi ambacho ya zamani imeharibika na mpya haijakaa, hapigi vizuri huku wala kule, na akiwa peke yake bila mtu wa kumtazama mara nyingi hurudia ile ya zamani au hujifunza kosa jingine. Kama mwalimu atakuwa na wewe kwa ukaribu ni jambo la maana. Kama atakuona mara moja moja tu halafu ahamishwe shule katikati, hilo nalo lifikirie, walimu wetu huhamishwa.

Habari ya Dizzy Gillespie, umeuliza vizuri na ulistahili jibu refu kidogo. Kweli mashavu yake yalijaa na alikuwa mmoja wa wapulizaji wakubwa waliowahi kuishi. Lakini yeye alijua afanye nini na pumzi ndani ya mashavu yale, na midomo yake ilibaki imeshikwa vizuri hata mashavu yakiwa nje. Kwa kijana anayejifunza, mashavu yakijaa pembe za mdomo hulegea, zikilegea chuma ndo kinachukua kazi, tunarudi kwenye kukandamiza. Mtazame huyo Clifford Brown wako kwenye picha, alifariki 1956 akiwa na miaka 25 tu na aliacha sauti ambayo mpaka leo wanafunzi wanaifuata, uone uso wake akipuliza ulivyotulia. Halafu jitazame mwenyewe kwenye kioo. Usijilazimishe kufanana na yeyote, meno na midomo ya watu haifanani, ila uone kama unachokifanya unakijua au kinatokea tu.

Sasa njia. Nitazitaja zinazonijia na hatari zake, wewe na mama na ami ndo mnaojua nyumba yenu.

Ya kwanza ni ile ya mwalimu, kuacha harusi zote mpaka mdomo ujengeke upya. Kwa mdomo ni njia safi. Kwa nyumba ni ngumu, pesa inakatika msimu wenyewe wa pesa, ami anaweza kumpa mtu mwingine tarumbeta na akishampa hutaweza kumnyang'anya. Ukiielekea hii, zungumza na ami kwanza juu ya chombo. Hugh Masekela wa Afrika Kusini, ambaye jazi yake unapaswa uisikize, na yeye tarumbeta ya kwanza hakununuliwa nyumbani, padri wa shule Trevor Huddleston ndo aliyemtafutia, na 1956 ikaja nyingine kutoka kwa Armstrong mwenyewe kwa ajili ya ile bendi yao ya shule. Shule nyingi za hapa hazina vyombo, lakini uliza tu kama ipo ya kuazima, hata kama ni kuukuu.

Ya pili ni kuendelea vile vile na huku unafanya mazoezi ya mwalimu. Vijana wengi huichagua hii kwa sababu haimuudhi mtu. Hatari yake ni kwamba kile unachokijenga jumatatu mpaka alhamisi unakibomoa jumamosi, na ganzi ishakuja. Mtu aliyeteguka mguu akiendelea kukimbia, mguu haumsamehi kwa kuwa alikimbia kwa ajili ya familia.

Ya tatu iko katikati. Ubaki kwenye kikundi lakini ubadilishe mzigo. Kuna ngoma, kuna kuitikia, kuna kupuliza sehemu ya chini badala ya kuongoza, kuna kupuliza pale bwana harusi anapotoka na pale anapofika tu, katikati waimbaji washike. Wala si adhabu, ukikaa kwenye ngoma miezi michache utajifunza pigo la beni kwa mwili, na mpiga jazi asiyejua ngoma ni nusu. Hatari ni kwamba beni bila tarumbeta kali wenye harusi wanaweza kulalamika, na malipo yako yatapungua, na ami huenda asione maana. Pia itakutaka uwe na msimamo wewe mwenyewe, manake katikati ya shangwe, watu wamechemka, mtu akikupa tarumbeta na kukwambia hebu moja tu, kukataa ni kazi.

Na kuna ya nne ambayo hujaitaja lakini kalenda yako imeitaja. Ramadhani inakuja na umesema tarumbeta hufungwa. Mwezi mzima mdomo unapumzika bila kumuudhi mtu yeyote, bila maelezo. Huenda wewe na ami mkakubaliana harusi chache zilizobaki kwa mzigo mdogo, halafu mwezi ukipita urudi kwa mkao mpya taratibu. Mimi siwezi kujua kama mdomo wako utafika huko salama, hilo linategemea hiyo ganzi ukishapumzika hizo siku chache nilizosema. Kama haijaisha basi hii si njia.

Umeuliza mazoezi uyafanye vipi, na hapa nimefurahi, manake hata kwenye dhiki umekumbuka kuuliza.

Masaa matatu mfululizo yaache. Mpulizaji anapumzika sawa na anavyopuliza, dakika 10 umepuliza, dakika 10 mauthipisi iko mbali na mdomo. Ukianza tena baada ya mapumziko marefu, nusu saa nzima kwa siku ukiigawa mara tatu inakutosha wiki za mwanzo, halafu unaongeza polepole. Siku ukihisi mdomo umechoka, simama hapo hapo, hata kama zamu haijaisha. Kilichobaki hutakipata kwa nguvu.

Anza bila tarumbeta. Vuta pumzi ndefu, mabega yatulie, tumbo na mbavu ndo zifunguke, itoe kwa mwendo mmoja. Halafu mauthipisi peke yake, itikise sauti laini, ipande na kushuka kama king'ora. Halafu ndo chombo, na hizo noti ndefu unazozionea haya. Zipige kwa sauti ndogo, ndogo sana, huko ndo kugumu na huko ndo mdomo unajifunza kufanya kazi bila kusukumwa na chuma. Sauti itatetemeka, na imetetemeka kwako kwa sababu mara ya kwanza umeuomba mdomo wenyewe usimame. Shika tarumbeta kwa vidole vyepesi, usiivute usoni na kile kidole kidogo cha kulia kwenye ndoana, ndoana hiyo imeumiza midomo mingi.

Kisha miteremko. Bila kubonyeza valvu yoyote, vile vitufe vitatu vya vidole, tarumbeta ina noti zake, do ya chini, sol, do, mi, sol ya juu. Nenda kutoka do mpaka sol na urudi bila kupiga ulimi, kwa pumzi na midomo tu, halafu ubonyeze valvu ya pili ufanye hivyo hivyo nusu hatua chini, na uendelee. Usikimbilie juu. Ukipata mi kwa raha leo, lala na hiyo mi. Skeli, yaani noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, nazo polepole na metronomu, kile kipimo kinachogonga pigo, ziko programu za bure za simu, na kosa likitokea unapunguza mwendo, usirudie kosa kwa kasi ile ile manake unalifundisha.

Na jazi yenyewe, hii sasa ndo habari njema kwako, sehemu kubwa haihitaji mdomo. Chukua kipande kifupi cha Clifford Brown au Miles Davis, sekunde chache tu, kisikize mpaka uweze kukiimba. Kiimbe ukienda shule, kiimbe ukitoka. Piga makofi pigo la pili na la nne huku unaimba. Ukishakiimba sawasawa, bonyeza valvu kimya bila kupuliza. Mwishoni kabisa ndo upulize mara chache, ujirekodi kwenye simu, ujisikize. Jifunze bluzi ya baa 12, ule mzunguko wa vipimo 12 unaorudiwa rudiwa, kwa kuimba, ujue chodi, zile noti zinazopigwa pamoja, inabadilika wapi bila kuhesabu. Kijana anayefanya hivi miezi ya mapumziko hurudi na kichwa kilichojaa muziki. Na msikize Miles vizuri, nyakati nyingi anakaa katikati ya tarumbeta, noti chache, nafasi kubwa, na watu wazima wanalia. Noti ya juu si mlango wa pekee wa kuingilia.

Wakati wa saumu mdomo mkavu usiupulize, ukitaka sana ngoja baada ya futari na maji, tena kidogo. Mwezi huo ni wa kusikiza.

Jirani mwenye mtoto mchanga, mwendee wewe mwenyewe, si mama. Mwambie saa utakazopuliza na uzishike, alasiri kabla ya magharibi ni bora kuliko baada ya isha. Sonny Rollins, mpiga saksafoni mkubwa, alikuwa na jirani mjamzito New York, akaona haya kumsumbua, na kati ya 1959 na 1961 akawa anaenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, mchana na usiku. Wewe huna daraja lakini una ufuo. Ila ukienda ufuoni kaa kwenye mawe au ukutani mbali na mchanga, chembe moja ndani ya valvu inakwaruza, na upepo wa chumvi unakula shaba. Ukirudi ifute kwa kitambaa kikavu, valvu zipate mafuta yake yenyewe, ya nazi au ya kupikia yanaganda humo, na mara kwa mara uioshe ndani kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Mauthipisi ioshe kila siku, na usiazimane na mwenzako bila kuiosha hasa wakati huu mdomo una jeraha. Myuti ya mazoezi, kile kizibo cha kupunguza sauti, inasaidia usiku lakini usiizoee, inakufanya usukume.

Mama amekwambia msikize ami na jioni ameleta vaselini. Nadhani ameshaona kila kitu. Kabla hujaenda kwa ami, kaa na yeye umuulize kama pesa ya harusi ikipungua msimu mmoja nyumba itasimama vipi. Huenda jibu likawa gumu kuliko unavyodhani, huenda likawa jepesi, lakini umelibeba peke yako na yeye ni mtu mzima.

Halafu uende kwa ami wakati ametulia, si usiku wa harusi wala mbele ya wenzake. Muonyeshe mdomo. Mpigie huo wimbo wa Clifford Brown kwenye simu na umuache ausikize mpaka mwisho bila kumwambia kitu, yeye ni mpulizaji, masikio anayo. Na kama unaona itafaa, umuombe mwalimu wako aje asikize kikundi siku moja, wakutane, manake mpaka sasa hawa wawili wanazungumza kupitia mdomo wako.

Niandikie baada ya hizo siku za kupumzika uniambie ganzi imefikaje, na hiyo mi unaipata kwa raha au bado.

Mwalimu